Fremu Nayo Hukatwa Kamisheni

Picha yangu ya kwanza kuuzwa galari, yaani ukumbi wa kuonyesha na kuuza sanaa, ilinipa furaha ya siku moja, hadi nilipofungua bahasha ya malipo. Gharama za kuchapisha, kioo na fremu zilikuwa 60. Jasho langu nililithamini 40, jumla 100. Galari ilichukua nusu ya mauzo, nami nikaona inatosha kuongeza nusu: bei 150. Nikapokea 75. Toa 60, nikabaki na 15. Sikuibiwa na mtu, hesabu ndiyo iliyoniponza.

Kamisheni, yaani fungu la galari, hukatwa kwenye bei anayolipa mnunuzi, si kwenye gharama zako. Basi usijumlishe, gawanya. Shika kiasi unachotaka kikufikie mkononi, ukigawe kwa sehemu unayoachiwa. Ukiachiwa nusu, 100 gawanya kwa 0.5, bei ni 200. Galari ikikata asilimia 40, gawanya kwa 0.6, unapata kama 167.

Kinachoniuma zaidi ni fremu. Katika zile 60, fundi fremu peke yake alikula 35. Hizo 35 ni za mbao na kioo, wala si sanaa yangu, lakini ili zinirudie lazima nipandishe bei kwa 70. Siku hizi, kabla ya kutia sahihi mkataba na galari, naomba gharama ya fremu itolewe kwanza, ndipo tugawane kinachobaki. Kwa mpango huo picha ileile inauzwa 165 badala ya 200, nami napata 100 zangu vilevile. Wapo wanaokataa, wapo wanaokubali ukiwaonyesha risiti ya fundi.

Fremu yenyewe iwe ya kawaida, nyeusi au ya mbao nyembamba. Niliwahi kununua ya nakshi za dhahabu. Mgeni akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akauliza fremu inauzwa wapi. Andika pia bei ya picha bila fremu, maana wengine wana zao nyumbani.

Na rafiki akikupigia simu akitaka "bei ya kirafiki" wakati picha bado iko ukutani, mtajie bei ya galari. Mwenye galari akisikia unauza chini yake, ataiteremsha picha ukutani siku hiyohiyo, na kioo kikipasuka njiani kurudi, utamlipa fundi mara ya pili.