Nyoka au mjusi? Anza na chakula chake

Mtoto wa ndugu yangu, yuko kidato cha pili pale Chake Chake, alinijia wakati wa likizo na swali moja: "Ami, nifuge nyoka au mjusi?" Moyoni alikuwa ameshachagua. Alitaka mjusi wa aina ya kinyonga, lumbwi kama wanavyomwita wazee wetu, kwa sababu ni mpole, hana sumu, na bibi yake angeweza kumvumilia. Mimi pia nilifikiri hivyohivyo nilipokuwa na umri wake. Kinyonga wangu alikufa kabla ya wiki tatu kutimia.

Nilimtoa kwenye mpera nyuma ya nyumba, nikamtia katika sanduku la kioo pamoja na kibakuli cha maji safi. Kila siku maji nilikuta yapo vilevile. Macho yakamwingia ndani, rangi ikapauka, nikadhani ana maradhi. Kumbe alikuwa na kiu. Maji yaliyotulia bakulini kinyonga hayatambui. Yeye hulamba matone ya umande na mvua yaliyobaki majanini. Haya niliyajua miaka mingi baadaye, nilipopata kazi ya kuhudumia wanyama kwenye bustani moja ya nyoka na mijusi kusini mwa Unguja. Bado inaniuma, maana kulikuwa na bomba la maji hatua tano kutoka pale alipokufa.

Kwenye bustani ile ndiko nilikojua kwamba tunayemwogopa ndiye mwenye kazi ndogo. Nilipewa ruhusa ya kumlea nyoka mmoja wa kahawia, yule mdogo asiye na sumu anayeingia majumbani kufuata panya. Alikuwa ametotolewa palepale bustanini. Nilikaa naye miaka sita. Alikula panya mmoja kila siku saba hadi kumi, akanywa bakulini kama kuku, akalala mchana kutwa chini ya kigae cha chungu. Nikisafiri siku nne kwenda Pemba, nilimbadilishia maji, nikafunga komeo na kuondoka. Komeo lenyewe usilifanyie mzaha: nyoka akipata upenyo wa kupitisha kichwa, kiwiliwili kinafuata.

Kazi ya nyoka iko kwenye panya. Usimpe panya uliyemnasa mtaani, kwa sababu huenda amekula sumu ya dukani, na sumu hiyo itamfikia nyoka wako. Usimpe aliye hai pia. Panya akibanwa huuma, na nimeshuhudia nyoka ametafunwa mgongo. Ufuge panya mwenyewe, uwaue haraka bila mateso, uwagandishe kwenye friza, kisha mmoja umyeyushe siku ya kula. Sasa jiulize: mama yako atakubali panya wakae karibu na samaki wake? Kama hakubali, na huna friza nyingine, suala la nyoka limekwisha hapo.

Mjusi anataka zaidi. Wengi wa wale wanaofugwa hula wadudu hai, na mjusi mchanga anahitaji kulishwa kila siku. Panzi utawapata kwa wingi masika, lakini kiangazi utahangaika. Tena wadudu peke yao hawana chokaa, yaani kalsiamu, ya kutosha kwa mifupa yake. Sisi tulikuwa tukiokota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, tunauosha, tunaukausha, tunausaga unga laini na kuwapaka nyenje kabla ya kuwapa mijusi. Bila chokaa, na bila jua, taya hulainika, miguu hupinda, mjusi hutetemeka anapotembea. Mifupa ikishapinda hivyo, ni nadra kunyooka tena.

Na jua ninalosema ni jua lenyewe, si mwanga uliopita dirishani. Kioo huzuia ile miale ambayo mwili wa mjusi wa mchana huitumia kuishika chokaa. Hapa kwetu tumebahatika: anayefuga Uingereza hununua taa maalumu, wewe inatosha kutengeneza tundu la wavu na kuliweka uani, nusu juani, nusu kivulini. Ila sanduku la kioo usiliache juani hata kidogo, hasa kaskazi. Joto la ndani linaua kwa dakika chache. Chini ya bati, hata kivuli hakitoshi.

Kumshika ni habari nyingine. Nyoka mtulivu hukubali kushikwa baada ya kuzoea, mradi hajala karibuni na macho yake hayajaingia ukungu wa kujivua ngozi. Kinyonga kila ukimshika unamchosha. Mjusi ukimkamata vibaya hukuachia mkia. Utaota mwingine, lakini hautakuwa kama wa kwanza. Kwa yeyote utakayemshika, osha mikono kwa sabuni, na usiwape watoto wa chini ya miaka mitano, kwani wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima kabisa.

Halafu majirani. Wakisikia una nyoka ndani, si wote watakaofikiria ufugaji. Wako watakaofikiria uganga. Mimi nilibisha hodi nyumba tano, nikawaeleza kabla hawajasikia kwa watu. Mama mmoja alikataa katakata, tukakubaliana nyoka asitoke kabisa chumbani kwangu. Nililitimiza hilo miaka yote sita.

Msituni na shambani usichukue kitu. Yule mjusi wa kijani anayekaa kwenye migomba na minazi ya Pemba hapatikani kwengine kokote duniani. Mwache juu ya mgomba wake. Yeye, kinyonga, kenge na chatu wote wamo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo, kabla ya mnyama yeyote, nenda ofisi ya misitu ukaulize kuhusu kibali, na umtafute aliyezaliwa kizimbani. Tena nyoka usiyemjua usimguse, maana visiwa vyetu vina fira pia.

Nilimwambia kijana wangu haya yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo ami, nyoka?" Nikamwambia ndiyo, kama angekuwa anaishi peke yake. Lakini analala chumba kimoja na wadogo zake watatu, na bibi hataki panya kwenye friza, basi kwake ni mjusi au asubiri. Nikampa sharti moja: afuge nyenje miezi miwili kabla ya mjusi. Ndoo ya kwanza wamekufa wote kwa unyevu. Ya pili ina wiki ya tano sasa, na jana usiku alinipigia simu nisikie wanavyolia.