Nani alimiliki Patmo baada ya Yohana?

Je, Patmo, kisiwa cha Ugiriki alikokuwa Yohana alipopata maono yake (Ufunuo 1:9), kilikuwa na watu katika Zama za Kati? Kwa muda mrefu kilikuwa karibu kitupu, kwa sababu mashambulizi ya baharini yalivifanya visiwa vile vidogo kuwa hatari kuishi. Mambo yalibadilika mwaka 1088. Kaizari wa Bizanti (Dola ya Kirumi ya Mashariki), Alexios I Komnenos, alimpa mtawa Christodoulos kisiwa kizima, tena bila kodi, ajenge monasteri ya Mtakatifu Yohana. Hati hiyo ya kifalme ipo hadi leo monasterini, jambo ambalo kwangu ni la ajabu kweli!

Ukiona picha za kuta zake nene utadhani ni boma la askari. Hofu ilikuwa ya kweli: Christodoulos mwenyewe alilazimika kukimbia wavamizi, akafia Euboea, kisiwa kingine cha Ugiriki, mwaka 1093. Mwili wake ulirudishwa Patmo baadaye. Kijiji cha Chora kilikua kuizunguka monasteri, watu wakitafuta ulinzi wake, na Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453 wakimbizi wengine walihamia hapo.