Je, 1,000,001 ni namba tasa?

Ndugu, umesema mwanao wa gredi ya nane ameletewa 1,000,001 aseme kama ni namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, mkaigawanya kwa 3, 7 na 11 ikakataa, mkaona basi ni tasa. Subirini kwanza. Namba hii ilininyima usingizi nikiwa kidato cha pili, kwetu Kayole.

Hamna haja ya kujaribu hadi milioni. Vigawo huja viwili viwili: kimoja kikizidi 1,000, mwenzake hakifiki 1,000. Kwa hiyo mwisho ni namba tasa zilizo chini ya 1,000, nazo ni 168 tu.

Hata hizo zinapungua upesi. Tarakimu ya mwisho ni 1, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Sasa tazama 999,999: inagawika kwa 3, 7, 11, 13 na 37. Namba yenu imeipita kwa 2, basi zote tano zinabakisha 2. Umezifuta kwa pigo moja!

Zilizobaki chini ya 100 ni 18, nami nilizigawanya zote kwa kalamu nyuma ya risiti ya duka. Kwa 17 ikabaki 10. Nikaendelea hadi 97, ikabaki 28. Hapo nikachoka, nikaandika "tasa", na daftari likarudi na alama ya kosa. Iliyofuata ilikuwa 101. Ijaribuni:

101 × 9,901 = 1,000,001

Na hiyo 9,901 je? Hapa ndipo ninapopapenda mno. 100 mara 100 ni 10,000, kwa hiyo kama 9,901 ingevunjika, ingekuwa na kigawo tasa chini ya 100. Kigawo hicho kingegawanya pia 1,000,001, na tayari tumeona zote 25 zimekataa. Basi 9,901 ni tasa, bila hesabu nyingine hata moja. Jasho la ile risiti halikupotea.

Miaka baadaye nikagundua kwamba umbo la namba lenyewe lilikuwa linasema. 1,000,001 ni 100 × 100 × 100, ongeza 1. Namba yoyote ukiizidisha hivyo mara tatu kisha ukaongeza 1, jibu hugawika kwa namba hiyo ukiiongeza 1. Ndiyo maana 1,001 hugawika kwa 11, na hii yenu kwa 101.

Mwanao akishaelewa, mpe 1,000,000,001. Asianze kugawanya, aangalie umbo kwanza.