Ibilisi alikuwa malaika au jini?

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Ninasomesha watoto madrasa hapa Tanga. Tulipofika kwenye kisa cha Nabii Adam, mwanafunzi mmoja aliniuliza: ikiwa amri ya kusujudu walipewa malaika, na Ibilisi ni jini, mbona alaaniwe kwa amri isiyomhusu? Nilikosa jibu la kumtosheleza. Je, na kauli ya “shetani amenipitia” ni udhuru?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu wetu. Mpongeze mwanafunzi huyo, kwani suala hilo wanazuoni wamelijadili tangu karne za mwanzo. Zipo riwaya zinazonasibishwa kwa Ibn Abbas, Sahaba wa Mtume, kwamba Ibilisi alikuwa miongoni mwa malaika, ilhali Hasan al-Basri, mwanazuoni wa kizazi kilichofuata Masahaba, alikanusha kabisa, akasema hakuwa malaika hata kwa muda wa kupepesa jicho. Kwangu mimi, kauli ya Hasan ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa Suratul Kahf, aya ya 50, inatamka wazi kwamba alikuwa katika majini akaasi amri ya Mola wake, na papo hapo inataja kizazi chake, hali malaika hawazai.

Ama kuhusu amri, someni pamoja Suratul A’raf, aya ya 12, ambapo Mwenyezi Mungu anamuuliza ni nini kilichomzuia kusujudu “nilipokuamrisha”. Basi amri ilimfikia yeye mwenyewe. Tena litazameni jibu lake: hakusema kwamba yeye si malaika, ijapokuwa huo ndio udhuru ambao mwanafunzi wako amemtafutia, alisema kwamba yeye ni bora kuliko Adam, kwa sababu ameumbwa kwa moto na Adam kwa udongo. Ibilisi hakumkana Mungu, kwani hata alipoomba muhula mpaka siku ya kufufuliwa alimwita “Mola wangu”. Kilichomwangamiza ni kiburi cha asili, na ndiyo maana huniuma sana kumsikia Mwislamu akimdharau mwenzake kwa ukoo, kabila au rangi, kisha akasimama naye safu moja ya sala.

Kuhusu kupitiwa na shetani, wasiwasi wake upo kweli, na tumeamrishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu. Lakini huo si udhuru, kwa sababu katika Surat Ibrahim, aya ya 22, yeye mwenyewe atawaambia waliomfuata kwamba hakuwa na mamlaka juu yao ila aliwaita wakamwitikia, basi wasimlaumu, wajilaumu wenyewe. Adam na mkewe walidanganywa kwa kiapo, na bado katika toba yao hawakumtaja Shetani hata kidogo, walisema, “Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu.” Dua hiyo imo katika aya ya 23 ya Suratul A’raf, na ni fupi kiasi cha watoto wako kuihifadhi katika kikao kimoja.