Jibu: Walimlipaje mwenye farasi dume bila fedha?

Mkuu, umeuliza wakulima wa Vermont, Marekani, miaka ya 1790, waliwezaje kupandisha farasi wao wakati sarafu zilikuwa adimu. Mara nyingi walilipa kwa nafaka. Mwenye dume alitangaza gazetini atakuwa kijiji gani, na deni likasubiri mavuno. Justin Morgan wa Randolph, mwalimu wa muziki, alimtangaza hivyo farasi wake Figure, aliyezaliwa 1789. Umbo dogo tu, lakini uzao wake ndio leo unaitwa farasi wa Morgan. Morgan mwenyewe alifariki 1798, utajiri hakuuona.

Dukani nako mambo yalikuwa mali kauli. Upande mmoja wa daftari, ulivyokopa: chumvi, chai, molasi, misumari, ramu (hiyo haikukosekana!). Upande wa pili, ulivyolipia: siagi, ngano na, usicheke, majivu. Ukifyeka msitu unachoma magogo, majivu unayachuja kwa maji, kisha maji yale unayachemsha kwenye sufuria kubwa ya chuma mpaka ibaki potashi, iliyouzwa hadi Uingereza kutengenezea sabuni na vioo. Hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya kwanza kabisa ya Marekani, 1790, ilihusu hiyo hiyo potashi.