Wapuritani walifuta Krismasi: walikuwa watu wa Mungu kweli?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Binti yangu anasoma fasihi ya Kiingereza chuoni. Juzi ameniambia kwamba Wapuritani wa Uingereza walifunga kumbi za maigizo, wakafuta Krismasi, wakamkata mfalme kichwa. Mimi nimelelewa katika kanisa la Presbiteri, na siku zote tumeambiwa hao ni babu zetu wa imani. Walikuwa watu wa Mungu, au wanasiasa waliojifunika dini?

JIBU: Amina, mama. Binti yako hajakudanganya. Bunge lilifunga kumbi za London Septemba 1642, vita na Mfalme Charles wa Kwanza vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Juni 1647 likafuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na Januari 1649 mfalme akauawa. Ila hilo la mwisho usiwatwike wote. Wabunge wengi wa Kipresbiteri walitaka kupatana na mfalme, hata jeshi likawazuia kuingia bungeni ndipo kesi ya kumhukumu mfalme ikapita.

Jina "Wapuritani" lilianza kama tusi, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Waliitwa hivyo watu walioona matengenezo ya Kanisa yameishia njiani. Walikataa kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba katika ubatizo, pete ya ndoa. Waweza kucheka, lakini kila mara walikuwa wakiuliza: imeandikwa wapi? Krismasi haikupona mbele ya swali hilo, maana Biblia haitaji tarehe 25 Desemba.

Sasa, anayeuliza "imeandikwa wapi" lazima ajue kusoma. Ndiyo maana katika nyumba zao baba alikuwa kama mchungaji, watoto na watumishi wakifundishwa Maandiko mezani. Na aliyemwomba Mfalme James tafsiri mpya ya Biblia mwaka 1604, ile iliyotoka 1611, alikuwa Mpuritani, John Rainolds. Mtu akishazoea kumuuliza askofu swali hilo, hachelewi kumuuliza mfalme.

Walipokosea, kwa maoni yangu, ni pale walipompa askari kazi ya mhubiri. Krismasi ya 1647 meya wa Canterbury aliamuru maduka yafunguliwe. Watu wakafanya ghasia, na waliotii wakavunjiwa maduka. Paulo alikuwa ameshaandika: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe" (Warumi 14:5). Akili zake mwenyewe, mama, si za meya.

Mwambie binti yako aangalie pia miaka ya vitabu. Ufalme ulirudi 1660, na mwaka 1662 wachungaji wapatao 2,000 walikuwa wamepoteza makanisa yao, wengi kwa kukataa kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza. John Bunyan, fundi wa masufuria, alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa. Kitabu chake, Safari ya Msafiri, kikatoka 1678. John Milton, aliyekuwa mwandishi wa serikali ya Oliver Cromwell, Mpuritani aliyetawala baada ya mfalme kuuawa, alikuwa kipofu na upande wake umeshindwa alipotoa utenzi wa Paradise Lost mwaka 1667. Wakiwa madarakani walituachia amri zilizofutwa. Waliposhindwa ndipo walipotoa vitabu ambavyo bado vinafundishwa chuoni. (Milton huyohuyo, mwaka 1644, alilipinga Bunge la wenzake lilipotaka vitabu vikaguliwe kabla ya kuchapwa.)

Kwa hiyo ndiyo, naamini walikuwa watu wa Mungu, na siasa waliifanya kwa sababu hiyohiyo, kwa wema na kwa ubaya. Na kama binti yako anadhani walichukia furaha, mfungulie Katekisimu yao Fupi ya Westminster, iliyokamilika mwaka uleule wa 1647 Krismasi ilipofutwa. Swali la kwanza unalijua tangu darasa la kipaimara: kusudi kuu la mwanadamu ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele.