Tarantula wako akisusa chakula kisha akalala chali

Nianze na lililo la haraka, maana huenda unasoma hapa moyo ukikudunda. Ukimkuta tarantula wako, yule buibui mkubwa mwenye manyoya unayemfuga, amelala chali, miguu imetawanyika, usimguse. Usimgeuze, usimpulizie, wala usigongegonge kasha uone kama atashtuka. Anajivua gamba, na kwa saa hizo hakuna kitu cha hatari kwake kuliko mkono wako.

Anayekufa haonekani hivyo. Viungo vikuu vya miguu ya tarantula havina misuli ya kuinyoosha. Inanyooka kwa msukumo wa damu. Nguvu ikimwishia, au maji ya mwili yakipungua mno, miguu hujikunja na kuingia chini ya mwili, tumbo likiwa limeelekea chini kama kawaida. Huyo ndiye wa kumkimbilia na maji. Aliyelala chali yuko kazini.

Kazi yenyewe huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Dalili ya kwanza ni kususa chakula, na hapo ndipo wafugaji wapya huanza kuhangaika: mara wabadilishe wadudu, mara wahamishe kasha, mara wamsogezee windo mdomoni kwa kibano. Acha. Mtoto wa tarantula hujivua karibu kila mwezi, kwa hiyo husitisha kula kwa siku chache tu. Jike mzima hujivua mara moja kwa mwaka au hata kwa nadra zaidi, na wa jamii ya Grammostola, tarantula wa Amerika Kusini, anaweza kukaa miezi bila kugusa kitu. Mimi hutazama tumbo. Likiwa limejaa na kukaza, ana akiba ya kutosha na hana shida na mtu. Likisinyaa, angalia kwanza kama bakuli lake lina maji.

Kama wako anatoka mabara ya Amerika, unayo dalili nyingine, na hii naiamini kuliko zote. Wengi wa huko wana vinyweleo vya kuwasha tumboni, ambavyo huvipangusa kwa miguu ya nyuma wakikereka. Panapobaki upara, ngozi huwa na rangi hafifu, ya kijivu au ya waridi iliyopauka. Siku zikikaribia, upara huo huwa mweusi na kung'aa, kwa sababu vinyweleo vipya vimeshaota chini ya gamba la zamani. Aina za Afrika na Asia hazina vinyweleo hivyo, basi kwao utategemea rangi ya mwili kufifia, mwendo kuwa mzito, na kwa wale wanaoishi shimoni, mlango kuzibwa kwa udongo na utando. Akijifungia, usimfukue. Najua hamu ya kutaka kumwona, lakini shimo hilo amelijenga makusudi asisumbuliwe.

Matayarisho yako ni machache, ila usiyaahirishe. Toa kila mdudu aliye hai ndani ya kasha. Nyenje mmoja aliyesahaulika anaweza kumtafuna tarantula ambaye ngozi yake bado laini, naye hana namna ya kujitetea. Jaza bakuli la maji, loanisha udongo wa upande mmoja, basi. Usimnyunyizie maji mwilini na usigeuze kasha zima kuwa tope.

Halafu siku moja utaona ametandika mkeka wa utando sakafuni. Baadhi huchanganya na vinyweleo vya kuwasha, kinga dhidi ya mdudu atakayejaribu kusogea. Hujilaza juu yake na kutulia kwa muda mrefu kabla hujaona chochote. Kimya hicho kisikudanganye: damu inasukumwa kutoka tumboni kwenda mbele, mpaka ngao ya mgongoni inapasuka kando kando na kufunguka kama kifuniko. Baada ya hapo gamba la tumbo hupasuka, kisha huanza kuchomoa miguu yote kwa pamoja, kidogo kidogo, anavuta na kupumzika. Mtoto humaliza kwa dakika chache; mkubwa huchukua saa nyingi. Havui ngozi ya nje peke yake: chonge (meno yake ya kung'atia), utando wa ndani ya kinywa, wa tumbo la kufyonzea na wa mapafu, vyote hutoka.

Mguu ukikwama, subiri. Ukiwa na hakika kwamba saa nyingi zimepita bila mabadiliko yoyote, lowesha brashi laini kwa maji ya uvuguvugu na ugusishe pale tu palipokwama, bila kuvuta. Hata akiupoteza mguu, wengi hupona, na mguu mpya huota anapojivua tena, mwembamba mwanzoni.

Akishajigeuza, utatamani kumlisha maana ataonekana amekonda. Tazama chonge kwanza. Huwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi, na hazifai kung'atia chochote mpaka ziwe nyeusi kabisa. Kwa mtoto ni siku kadhaa, kwa mkubwa wiki moja, mbili au zaidi. Maji yawepo muda wote.

Gamba alilovua usilitupe. Litoe likiwa bado laini, au lilainishe kwa maji, ulikunjue kwa uangalifu na ukinge macho, kwani vinyweleo vilivyobaki juu yake bado vinawasha. Ndani ya sehemu ya tumbo, kati ya mapafu mawili ya mbele, jike huwa na kifuko cha kuhifadhia mbegu, na alama yake hubaki kwenye gamba. Dume hana.

Mara nyingine jibu huja lenyewe: anaibuka na miguu mirefu, na vipapasio vya mbele vilivyovimba nchani mithili ya ngumi. Huyo ni dume aliyekomaa, na kwa kawaida hatajivua tena, au akijaribu hatafaulu. Atakula kidogo na kuzurura kasha zima usiku akitafuta jike. Kama ulikuwa na nia ya kumzalisha, tafuta jike mzima aliyejivua karibuni na aliyeshiba, kwa sababu madume wengi hawaishi muda mrefu baada ya hapo.